Piga Hesabu ya Safari ya Ndege Kabla ya Kukata Tiketi

Ratiba ya ndege ya moja kwa moja kutoka Nairobi kwenda New York mwezi wa Januari yaweza kusomeka hivi: kuondoka 23:25, kufika 06:25. Ukihesabu harakaharaka utapata saa 7, kumbe utakaa angani saa 15. Kila kiwanja huandikiwa saa za mji wake, kwa hiyo usitoe chochote kabla hujazileta zote kwenye saa za mji mmoja.

Anza na umbali. Ramani ya ukutani hupotosha. Chukua tufe la dunia, ukaze uzi kutoka kiwanja cha Nairobi (JKIA) hadi cha New York (JFK): utakwea kaskazini-magharibi, ukate Sahara, kisha Atlantiki. Hizo ni takriban kilomita 11,800. Ukipewa umbali kwa maili za baharini, zidisha kwa 1.852, maili za kawaida, kwa 1.609.

Kisia muda wa angani. Gawanya kilomita kwa 850, uongeze nusu saa ya kupaa na kutua. Hapa inakuja kama saa 14 na nusu. Kisha tazama upepo. Ule mkali wa juu, nje ya ukanda wa tropiki, huvuma kutoka magharibi kwenda mashariki, hivyo kwenda Marekani huchukua kama saa 15 na kurudi kama 14.

Tumia saa za mji mmoja. Januari New York iko nyuma ya Nairobi kwa saa 8. Kuanzia Jumapili ya pili ya Machi hadi Jumapili ya kwanza ya Novemba, tofauti ni saa 7, kwa kuwa wao husogeza saa na sisi hatusogezi. Ile 06:25 ukiiongezea 8 inakuwa 14:25 ya Nairobi, na tangu 23:25 ya jana yake ni saa 15 kamili. Kama unabadilisha ndege njiani, fanya hivyo kwa kila kipande, kisha jumlisha na muda wa kusubiri.

Chunga tarehe. Hapa ndipo wengi huachwa na ndege. Tiketi ikisema Jumanne 00:40, maana yake ni usiku wa kuamkia Jumanne. Ukitakiwa kufika saa tatu kabla, uwe kiwanjani Jumatatu saa 21:40, yaani saa tatu na dakika 40 usiku. Ukienda Jumanne usiku, ndege iliondoka zamani.

Mwisho, anayekuja kukupokea mtumie namba ya ndege, tarehe ya kufika na saa za huko aliko. Mwambie pia asitegemee kukuona mlangoni ndege ikigusa tu ardhi, maana foleni ya uhamiaji na mizigo yaweza kula saa nzima au zaidi.