Ngozi Kavu: Tuitunze Kila Siku kwa Vitu Vilivyo Karibu



Somo letu safari hii linahusu ngozi. Pengine mtu atasema, "Hayo ni mambo ya wasichana wa mjini, sisi tuna kazi." Lakini hebu tazameni mikono ya mama anayetoa magamba ya mbuta pale Dunga, au ya kijana anayepalilia mpunga Ahero, au visigino vya mzee anayetembea bila viatu. Ngozi iliyokauka hupasuka, na mahali palipopasuka ni mlango wa vijidudu. Mwenye kidonda mkononi hawezi kushika samaki wala chumvi, na siku hiyo nyumba inalala bila kitu. Tena kuna jambo lingine zito zaidi. Mtu anayesumbuliwa na ngozi yenye mabaka huenda sokoni kutafuta dawa, na huko anaweza kuuziwa sumu. Basi tusome pamoja, polepole.

NGOZI HUKAUKA KWA NINI?

Fikirini ukuta wa matofali. Matofali hayashikani yenyewe. Kuna udongo katikati. Ngozi nayo iko hivyo. Ina chembe ndogo sana zilizopangwa kama matofali, na katikati yake kuna mafuta ya asili yanayozishikanisha. Mafuta hayo yakiondolewa, ukuta unakuwa na nyufa. Maji ya mwilini yanatoka nje, na ngozi inakuwa ngumu, nyeupe kama imepakwa majivu, tena inawasha.

Ni nini kinachoondoa mafuta hayo? Kwanza ni sabuni kali, hasa ile ya kipande ya kufulia na ile ya unga. Pili ni maji moto sana. Tatu ni kukaa na mikono majini kwa muda mrefu, na chumvi ya kukaushia samaki. Nne ni jua na upepo wa kiangazi, kama ule wa Januari na Februari. Mstari wa ikweta unapita hapa karibu, Maseno, na Kisumu iko kwenye mwinuko wa mita 1,130 hivi, kwa hiyo jua letu la mchana si la mchezo. Tano ni umri: mtu akizeeka, ngozi yake hutoa mafuta kidogo. Na wengine ndivyo walivyozaliwa, hawana kosa lolote.

HATUA SITA ZA KILA SIKU

1. Oga kwa maji ya uvuguvugu, usikae sana. Dakika tano hadi kumi zatosha. Wale wanaotumia maji ya ziwa wasiingie ziwani kuoga, maana kuna kichocho, yaani bilhazia, na mdudu wake hupenya kwenye ngozi nzima bila mtu kuhisi. Chota maji, yachuje kwa kitambaa safi ili konokono wasiingie, uyaweke kwenye pipa lenye kifuniko kwa siku mbili kamili. Mdudu huyo akikosa mtu wa kumwingia hufa. Lakini kumbuka kwamba hayo bado ni maji ya kuoga tu. Ya kunywa lazima yachemshwe au yatiwe dawa.

2. Tumia sabuni laini ya kuogea, isiyo na manukato mengi. Si lazima uipake mwili mzima kila siku. Kwapa, sehemu za siri kwa nje, na miguu ndizo zinazohitaji sabuni. Mikono na miguu iliyokauka mara nyingi inatosheka na maji matupu.

3. Usijisugue kwa nguvu. Kuna watu wanaoona weupe wa ngozi kavu wakadhani ni uchafu, basi wanasugua mpaka damu inakaribia kutoka. Huo si uchafu! Ukisugua unazidi kubomoa ukuta. Jifute taratibu kwa kitambaa, uache unyevu kidogo.

4. Paka mafuta hapo hapo, ngozi ikiwa bado na unyevu. Hii ndiyo hatua kubwa kuliko zote, na ndiyo wengi wanaikosea. Mafuta ya mgando hayaongezi maji kwenye ngozi. Kazi yake ni kufunika, ili maji yaliyopo yasitoke. Ukipaka saa moja baadaye, maji yamekwisha kwenda, unafunika sufuria tupu. Jaribu kupaka kabla dakika tatu hazijapita.

5. Linda ngozi mchana. Vaa kofia pana na nguo ya mikono mirefu unapokuwa shambani au unapoanika omena. Mafuta ya mgando hayazuii jua, msidanganyike. Ukifua nguo au kutia samaki chumvi, vaa glavu za mpira kama zipo. Kama hazipo, suuza mikono kwa maji safi ukimaliza, kisha paka mafuta.

6. Usiku, kumbuka visigino. Loweka miguu kwenye beseni la maji ya uvuguvugu kwa dakika kumi, isugue kidogo kwa jiwe la miguu, ifute, paka mafuta mengi, kisha vaa soksi kuukuu ulale nazo. Mwenye kisukari asitumie jiwe wala asiloweke miguu. Aioshe tu, aikaushe vizuri hata katikati ya vidole, apake mafuta juu na chini lakini si katikati ya vidole, na aikague kila jioni kama kuna kidonda.

MAFUTA GANI YAFAA?

Hapa wengi hupoteza pesa bure. Mafuta ya mgando ya kawaida, yasiyo na harufu wala rangi, yanafanya kazi vizuri kuliko chupa nyingi za bei kubwa. Glisirini pia ni nzuri, kwa maana huvuta maji. Lakini ichanganywe na maji kwanza, isipakwe tupu. Mafuta ya nazi na ya alizeti yanafaa, na pia yale ya mbegu za mti wa shea yanayotoka kaskazini mwa Uganda. Mafuta ya kupikia yawe mapya na safi. Yale yaliyokwisha kukaanga samaki yaacheni jikoni!

Akina mama wanaobanika samaki wawe waangalifu. Nguo iliyolowa mafuta hushika moto upesi sana. Ukipaka mengi, ngoja yaingie kabla ya kusogea kwenye moto, na nguo hizo zifuliwe mara kwa mara.

SUMU KATIKA KIBWETA KIZURI

Sasa tuseme ukweli juu ya sabuni na krimu za kujichubua. Wahenga walisema, uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Serikali ya Kenya ilipiga marufuku vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni mwaka 1998, lakini bado vinapita mipakani na kuuzwa kichinichini.

Jambo hili halikuanza jana, wala haliko mbali nasi. Wanasayansi waliokuwa wakichunguza zebaki kandokando ya Ziwa Victoria walipima nywele za watu. Matokeo ya upande wa Kenya yalichapishwa mwaka 2001. Ungedhani sumu ilitoka kwa samaki au machimbo ya dhahabu, sivyo? Lakini waliokutwa na zebaki nyingi mno walihusishwa na sabuni za kujichubua.

Zebaki hupita kwenye ngozi ikaingia kwenye damu. Huharibu figo, huleta kutetemeka, kusahau na huzuni isiyo na sababu, na inaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Hata asiyejipaka anaweza kuipata kupitia taulo na mikono ya aliyejipaka. Tena maji ya kuogea yanaelekea wapi? Yanaelekea kwenye mtaro, mtoni, na mwishowe ziwani. Huko Minamata, Japani, kiwanda kilimwaga zebaki baharini, watu wakala samaki, wakaugua na kufa. Ugonjwa huo ulitambuliwa mwaka 1956. Mataifa yalitia sahihi mkataba wenye jina la mji huo mwaka 2013. Sisi tunaoishi kwa samaki tuna sababu kubwa ya kusikiliza.

Krimu nyingine zina dawa kali za hospitali ambazo hupunguza unene wa ngozi ikitumiwa bila daktari. Ngozi inakuwa nyepesi kama karatasi, inapata michirizi, na kidonda kinakawia kupona.

Kabla ya kununua, soma maandishi. Ukiona neno "mercury", "calomel", "hydroquinone" au herufi Hg, rudisha. Kama hakuna maandishi kabisa, rudisha pia. Na kama aliyekuwa akitumia anataka kuacha, asione aibu: aende kituo cha afya na kile kibweta chake, ili waone alichokuwa akipaka.

WAKATI MAFUTA HAYATOSHI

Si kila ngozi kavu ni ukavu tu. Nenda zahanati ukiona haya:

- Muwasho mkali usiku na vipele katikati ya vidole, hasa kama nyumba nzima inajikuna. Huo huenda ni upele, na watu wote wa nyumba watibiwe siku moja.
- Duara lenye ukingo ulioinuka, linalozidi kupanuka. Huo ni ukungu, una dawa yake.
- Baka kavu lililopauka ambalo halihisi kitu ukiligusa kwa unyoya au pamba. Huenda ni ukoma. Msiogope wala msimfiche mgonjwa. Dawa zake hutolewa bure, matibabu huchukua miezi 6 hadi 12, na akianza mapema hapati ulemavu.
- Mtoto mchanga mwenye mabaka mekundu yanayowasha mashavuni na kwenye viungo.
- Nyufa zinazotoa usaha, au mguu wa mwenye kisukari uliopasuka hata kidogo.

KAZI YA KIKUNDI

Msiamini kwa sababu tumeandika, jaribuni. Kila mwanakikundi achague mkono mmoja. Mkono huo aupake mafuta kila siku mara tu baada ya kuoga, ukiwa na unyevu. Mkono wa pili aendelee kama alivyozoea. Baada ya siku saba mkutane, kila mtu anyooshe mikono yote miwili mezani, mlinganishe.

Kama mmeridhika, chama kinunue mkebe mkubwa wa mafuta ya mgando kwa bei ya jumla, na kila mtu apimiwe kwenye kikopo chake kilichooshwa na kukaushwa. Mtumie kijiko safi kuchota, si vidole. Kwa njia hii hata yule mama mzee asiye na pesa ya kutosha atapata chake.

Maswali ya kuzungumzia:

1. Katika kijiji chetu, ni kazi gani inayokausha ngozi zaidi, na tunaweza kubadili nini?
2. Maji yetu ya kuoga yanatoka wapi? Nani ana pipa lenye kifuniko?
3. Binti akituambia anataka kuwa mweupe ili apendwe, tutamjibu nini bila kumfokea?
4. Ni nani kati yetu hawezi kufikia visigino vyake mwenyewe, na nani atamsaidia jioni?