Kompyuta ya Michezo: Dai Namba Kamili Kabla ya Kulipa

Mkulima wa kahawa hakubali mazao yake yapokelewe bila kupimwa. Mnunuzi wa kompyuta ya michezo mjini Nyeri, Karatina au Nanyuki naye asikubali jina bila namba.

Tangazo la "Core i7" halitoshi. Prosesa ya i7-2600 ni ya 2011 na ina kori 4. I5-12400 ya 2022 ina kori 6 na huishinda. Kadi ya michoro ya GTX 1060 nayo ina aina zaidi ya moja: ya GB 6 ina kori 1,280, ya GB 3 ina 1,152.

Kabla ya kulipa:

1. Uliza namba kamili ya prosesa na kadi, pamoja na GB zake.
2. Omba mashine iwashwe, andika dxdiag pale pa kutafutia, kisha linganisha na tangazo.
3. Namba hizo ziandikwe kwenye risiti.

Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mnunuzi haki ya kupata habari kuhusu bidhaa, na fidia akipata hasara. Risiti iliyoandikwa "kompyuta moja" haimsaidii kudai. Yenye namba kamili ni ushahidi.