Maswali na Majibu: Kwenda Wadi Shab kwa Miguu

Tangu Aprili 2024, gari lililochukua wanafunzi liliposombwa na maji huko Samad al-Shan, barua za kuulizia wadi za Oman zimezidi kunifikia. Zinazouliza njia na nauli ya boti nimeziweka kando, maana mvuvi yeyote wa Tiwi atakujibu. Nimechagua zile zinazonikera na zile zinazonitia hofu.

Kama mbingu ni nyeupe na jua lawaka, mafuriko ya kuogopwa yatoke wapi?

Swali hili limeletwa na wasomaji wengi, wa Muscat, wa Sur, na hata jamaa wa Unguja wanaojiandaa kuja kuzuru, kwa hiyo nawajibu wote kwa pamoja, na mniwie radhi nikirefusha.

Wadi Shab ni ufa mwembamba wa mawe ya chokaa unaoteremka kutoka safu ya mashariki ya milima ya Hajar hata baharini, na maji yote yanayoanguka huko juu, mahali ambapo wewe uliyesimama baina ya kuta mbili huwezi kupaona, hayana pa kupita illa hapo ulipotandika mkeka wako. Majabali yale ni matupu, hayana udongo wa kunywa maji wala majani ya kuyazuia. Mvua ikishuka mlimani alasiri, hali ufukweni watu wanaota jua, maji huporomoka yote kwa pamoja, na kwa kuwa kuta zimebanana hayapati pa kutanuka, basi hupanda. Ukibisha, inua macho: utaona makuti makavu na vigogo vya mitende vimekwama katika nyufa, juu ya kichwa cha mtu mrefu. Hivyo havikupandishwa na mbuzi.

Uko na uvumi wa pili, ambao wenye kuusambaza kwa simu laiti wangeona haya, ya kwamba wadi hunguruma mapema na mtu akapata wasaa wa kukusanya vyombo vyake. Pengine hunguruma, na pengine sauti hufika pamoja na maji yenyewe, maana kona za korongo humeza sauti. Dalili ya kuaminiwa ni ndogo kuliko hiyo: maji ya kijani yaliyokuwa safi yakigeuka rangi ya chai ya maziwa, na vijiti na makapi yakaanza kuelea, acha chakula, acha viatu, upande juu kwa upande ule ule uliko. Usikimbilie garini kwa kufuata mkondo, kwani maji yatakushinda mbio, na usivuke ng'ambo kumfuata mwenzio. Fauka ya hayo, kabla ya kutoka nyumbani soma tahadhari ya hali ya hewa inayohusu milima, wala usitosheke na ile ya mji unakolala.

Ni kweli kwamba pango lenye maporomoko lina jini, na kwamba kuna mzee aandikaye hirizi ya kumkinga mwogeleaji?

Asiyejua kuogelea hana haja ya jini ili azame. Nunua jaketi la kuelea.

Bwana, mimi na dada zangu twataka kufika hadi pangoni. Yafaa kuogelea na buibui?

Haifai, Bibi, wala sisemi hivi kwa kudharau sitara. Baada ya mwendo wa takriban dakika 45 juu ya mawe, njia ya miguu hukoma na safari huendelea majini, kutoka bwawa hadi bwawa, mpaka kwenye mwanya baina ya majabali mawili, mwembamba kiasi cha kupitisha kichwa tu, na nyuma yake ndipo palipo pango na maporomoko, ambayo huwa na nguvu baada ya mvua na kupungua wakati wa ukame. Buibui lililolowa hujizonga miguuni, na katika mwanya ule hakuna nafasi ya kulizongoa. Vaeni suruali pana na shati jepesi la kufika magotini. Sitara itabaki, na wenyeji hawatakwazika.

Twaweza kuruka kutoka majabalini kama mabingwa walioshindana hapo mwaka 2012?

La.

Tulikwenda Dhofar wakati wa khareef, tukakuta ukuta wa Darbat mkavu. Je, tumedanganywa?

Mmedanganywa na picha, nanyi si wa kwanza kuniandikia. Khareef, kuanzia mwishoni mwa Juni hadi Septemba, ni ukungu na manyunyu. Huotesha majani na kunenepesha ngamia, walakini ni nadra kuujaza mto hata ukamwagika juu ya ukuta ule wenye kimo cha mita 100 hivi. Picha zinazowapa watu wazimu aghalabu hupigwa baada ya mvua kubwa, kama ile ya tufani ya Mekunu, Mei 2018. Wala msioge katika maji ya huko, kwani kichocho cha matumbo kimewahi kupatikana Dhofar.

Mtoto wa miaka mitano?

Hadi bwawa la kwanza, na mkono wake mkononi mwako.

Tukirudi tumechoka, twaweza kuoga kwa sabuni katika ule mfereji wa kando ya njia?

Nani aliyewaambia kuwa ni bafu? Ule ni falaj, uliochongwa na kujengwa kwa mikono ubavuni mwa jabali ili kunywesha mitende na migomba ya watu, na kila mwaka naona povu likielea humo, na maganda ya chipsi yameziba mlango wa maji ambao mkulima huufungua kwa jiwe na tambara. Mwenye kutaka sabuni, Sur kuna hoteli.