Taa ya mipira ya motokari: inachelewa kusema

Kama motokari yako ni ya miaka hii, labda umeona kwenye tabulo taa ndogo ya manjano: mfano wa mpira uliokatwa, na alama ya mshangao katikati. Inakuonya kwamba upepo umepungua. Ni msaada mzuri, lakini mashofere wengi wanaiamini kupita nguvu yake.

Kuna namna mbili. Katika ya kwanza, ndani ya kila gurudumu kuna chombo chenye betri, kinapima upepo na kupeleka habari kwa redio. Betri hiyo inaishi miaka 5 mpaka 10 tu. Motokari nyingi tunazonunua hapa zimekwisha kutumika ng'ambo, basi usishangae ikiwa imekufa. Katika namna ya pili hakuna chombo cha kupima upepo. Mpira uliolegea unakuwa mdogo kidogo, unazunguka upesi kuliko wenzake, na vyombo vya freni za ABS vinatambua tofauti. Lakini mipira yote 4 ikilegea sawasawa, tofauti iko wapi? Taa inaweza kunyamaza.

Hata taa nzima inachelewa. Sheria ya Marekani, inayodai taa hiyo kwa magari madogo mapya yote tangu Septemba 2007, inataka iwake upepo ukipungua 25 kwa mia, tena inaipa dakika 20 za kutambua. Piga hesabu: mpira wa kilo 2,4 unashuka mpaka 1,8 kwanza! Wakati huo ubavu wake unajikunja, unapata moto, na wewe umepakia bibi, watoto na magunia ya unga kwenda Likasi. Ukipasuka mbioni, usukani unakuvuta, na wasiofunga mkanda wanarushwa.

Angalia sana mwezi wa 6 na wa 7. Asubuhi ya baridi taa inawaka, saa sita inazimika. Usifurahi. Upepo haukurudi, joto tu limeuvimbisha. Ni kama mgonjwa wa malaria aliyemeza aspirini: homa imeshuka, ugonjwa ungali mwilini.

Taa ikipepesa kama dakika moja kisha ikabaki inawaka, mara nyingi chombo chenyewe kimeharibika. Mpira uliokwisha meno au wenye ufa, yenyewe haiujui.

Kwa hiyo pima mwenyewe kwa manometa, mara moja kwa mwezi na kabla ya safari ndefu, motokari ikiwa imelala saa 3 au zaidi. Kipimo cha kufuata kimeandikwa karibu na mlango wa shofere. Namba iliyo ubavuni mwa mpira ni mwisho wa nguvu yake, si kipimo cha kujaza. Pima na mpira wa akiba pia, maana mara nyingi taa haiuangalii kabisa.