Foleni Moja, Mifereji Minne: Kufafanua Utendaji wa Erlang kwa Kiswahili katika Turkana

Utangulizi

Makala haya yanadhamiria kuchunguza swali ambalo aghalabu hujibiwa katika semina zetu kwa hamasa pasipo ushahidi: je, Kiswahili kinaweza kubeba taaluma ya kompyuta hadi kwenye kiini chake? Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, uliotoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, ulithibitisha kwamba menyu na amri zaweza kuandikwa kwa Kiswahili. Hata hivyo, kutafsiri menyu ni jambo moja. Kueleza kinachotendeka ndani ya mtambo ni jambo jingine. Mwandishi alikabiliana na tofauti hiyo alipowafunza vijana mjini Lodwar na baadaye Kakuma, ambako kambi ya wakimbizi imekuwapo tangu 1992. Darasani mlikuwa na Waturkana, Wasudani Kusini, Wakongo na Warundi. Lugha iliyowakutanisha, kwa lafudhi zake zote, ilikuwa Kiswahili.

Suala lenyewe

Erlang ni lugha ya programu ya kifunksheni iliyoasisiwa katika kampuni ya Ericsson nchini Sweden, katika nusu ya pili ya miaka ya 1980, na Joe Armstrong, Robert Virding na Mike Williams. Katika lugha hii, jina likishapewa thamani halibadilishiwi. Programu huundwa kwa michakato midogo mingi, kila mmoja ukiwa na kumbukumbu yake. Michakato hiyo huwasiliana kwa kutumiana ujumbe. Seva za WhatsApp zilijengwa kwa lugha hii, hivyo mama wa Lodwar anayemsalimu mwanawe aliyeko Eldoret anaitegemea bila kuijua.

Hadi mwaka 2006, mashine tekelezi ya Erlang ilikuwa na mratibu mmoja tu wa kuipa michakato zamu ya kutenda. Kompyuta ikiwa na vichakataji vinne, programu ilitumia kimoja, na vitatu vilikaa bure, ila mtu aendeshe nakala kadhaa za mashine hiyo. Toleo la R11B la mwaka 2006 ndilo lililoleta waratibu wengi, kila mmoja akiendeshwa kwa uzi wake.

Tatizo la istilahi

Hapo ndipo istilahi zilipotutatiza. Tuliposema «mpangaji», wanafunzi walimfikiria mtu anayelipa kodi ya nyumba; ndiyo maana tukachagua «mratibu». «Uzi» nao uliwapeleka kwenye ushanga. Sitiari hii ilifaa kwa kiasi: shanga hufuatana katika uzi mmoja kama hatua za programu zinavyofuatana. Lakini haikuonyesha ushindani wa nyuzi kadhaa kugombea kitu kimoja. Tulihitaji taswira nyingine, nayo ilikuwa nje ya mlango: mitungi iliyopangwa kwenye mfereji wa maji.

Sitiari ya foleni

Chukulia kwamba mitungi ni michakato, mifereji ni vichakataji, na wachotaji ni waratibu. Katika toleo la 2006 palikuwa na foleni moja kwa mifereji yote. Kila mchotaji alilazimika kurudi kwenye kichwa cha foleni ileile kuchukua mtungi unaofuata, na ni mmoja tu aliyeruhusiwa kuugusa kwa wakati mmoja. Kadiri mifereji ilivyoongezeka, ndivyo msongamano ulivyozidi pale kichwani. Toleo la R13B la mwaka 2009 likampa kila mratibu foleni yake. Na foleni moja ikirefuka ilhali mfereji wa pili hauna kazi, mitungi huhamishwa.

Yafaa kutanabahi kwamba waandishi wa programu hawakulazimika kuandika upya kazi zao ili wanufaike. Wahenga walinena kuwa manahodha wengi, chombo huenda mrama. Erlang ilikwishaliepuka hilo kwa kuupa kila mchakato chombo chake. Mzigo uliwaangukia watunzi wa mashine tekelezi, ambao iliwabidi kuweka makufuli kwenye miundo ya ndani inayotumiwa na waratibu wote, kama vile jedwali la michakato. Aidha, programu zilizotegemea kwa bahati mpangilio fulani wa matukio zilifichua kasoro zake, kwani sasa michakato ilitenda kwa wakati mmoja kwelikweli. Lugha ambazo nyuzi zake hushiriki kumbukumbu zilikuwa na kibarua kigumu zaidi: OCaml ilifika huko mwaka 2022, katika toleo la 5.0, baada ya mfumo wake wa kukusanya taka za kumbukumbu kubuniwa upya.

Kipimo cha lugha

Siku hiyo, binti mmoja wa Kakuma aliinua mkono. «Mwalimu, shikamoo. Na kama mifereji ni minne, lakini wote wanamngoja mama mmoja mwenye ufunguo wa tangi?» Mwandishi hakuwa amelifundisha hilo. Binti alikuwa amegundua, kwa Kiswahili, udhaifu ambao wahandisi huuhangaikia: mchakato mmoja ukipokea ujumbe wa wote, kuongeza vichakataji hakusaidii, kwa sababu mchakato huo hauwezi kutendwa na waratibu wawili kwa pamoja. Dawa yake ni kuugawa ufunguo, si kuchimba mifereji.

Hitimisho

Ushahidi wa darasa moja hautoshi kutoa hukumu ya jumla. Lakini unatuelekeza kwenye kipimo bora kuliko wingi wa istilahi kamusini. Lugha imeibeba taaluma pale mwanafunzi anapoweza kuuliza kwayo swali ambalo mwalimu hakulitarajia. Basi wanaisimu na wanafasihi wenzangu, tunapokaa kuunda istilahi, tusianzie kwenye orodha ya maneno ya kigeni. Tuanzie mferejini, tusikilize watu wanavyoieleza foleni, kisha turudi kwenye kamusi.