MFICHA MARADHI KIFO HUMUUMBUA: Tuujue Ugonjwa wa Uvimbe wa Matumbo

Katika somo la Kiswahili tumefunzwa tafsida, yaani kulisema jambo la aibu kwa maneno ya adabu. Mtu haendi kufanya lile tendo lenyewe. Anaenda msalani, anaenda haja kubwa, ama anaenda kujisaidia. Mimi niliipenda sana tafsida hadi siku ilipotaka kuniulia dada. Ndiyo sababu nimeshika kalamu niwafunze wenzangu kuhusu ugonjwa ambao wengi wetu hatujawahi kuusikia.

Kisa cha dadangu

Februari 2022 dadangu alikuwa katika shule ya bweni. Akaanza kuendesha. Mwanzo tulidhani ni chakula tu. Alipewa ruhusa akaja nyumbani, tukampeleka kliniki ya mtaani. Alipoulizwa ana shida gani alijibu, "Tumbo linanisumbua." Basi, hakuongeza neno. Akapewa dawa ya amiba. Alipata nafuu siku chache, kisha tumbo likarudi vile vile. Mara ya pili alitolewa damu kidogo, akaambiwa ni taifodi, akadungwa sindano wiki nzima. Likarudi tena. Mara ya tatu mama alienda tu kwa kemisti akanunua dawa ile ile ya kwanza.

Kufikia Julai sketi yake ilikuwa ikifungwa kwa pini. Majirani nao wakapata la kusema. Wengine walinong'ona kuwa ni ukimwi, wengine eti amerogwa kwa sababu alikuwa wa kwanza darasani. Nyanya alitoka mashambani akasisitiza apelekwe kwa mganga.

Kumbe kuna neno moja ambalo dada hakuwahi kumwambia mtu yeyote, nalo ni damu. Alikuwa akienda choo mara nane kwa siku, na kila mara aliona damu na makamasi. Alinyamaza kwa aibu. Mwezi wa Agosti tulitumwa hospitali ya rufaa. Huko daktari mmoja wa kike alimwomba mama atoke nje kidogo, kisha akamwuliza dada bila kuzungukazunguka, "Mwanangu, choo chako kina damu? Tangu lini?" Dada alilia, akasema yote. Wiki hiyo hiyo alipimwa kwa kamera na ugonjwa ukapata jina.

Ugonjwa wenyewe ni upi?

Kila mtu ana askari wa mwili, yaani chembe nyeupe za damu. Kazi yao ni kupigana na vijidudu. Ukichomwa na mwiba, pale mahali panakuwa pekundu, panavimba, panapata moto na kuuma. Hao ni askari wakiwa kazini, na vita vikiisha wanarudi kambini.

Kwa mgonjwa wa uvimbe wa matumbo askari hawarudi kambini. Wanaendelea kupigana ndani ya utumbo ingawa hakuna adui wa maana, na wanaoumia ni wenyeji. Ngozi laini ya ndani ya utumbo huvimba, hupata vidonda na kutoa damu. Ugonjwa huu ni sugu. Hutulia kwa miezi au miaka, kisha huamka tena.

Kuna aina mbili kubwa.

1. Kolaitisi ya vidonda. Hii hushika utumbo mpana peke yake. Huanzia kwenye puru, mwisho kabisa wa utumbo, na kupanda juu bila kuruka mahali. Vidonda vyake ni vya juu juu kwenye ngozi ya ndani. Dalili yake kubwa ni kuendesha damu na makamasi. Hii ndiyo ya dadangu. Samuel Wilks, daktari wa London, aliueleza ugonjwa huu mwaka wa 1859.

2. Ugonjwa wa Crohn. Huu waweza kushika popote kuanzia mdomoni hadi njia ya haja kubwa, lakini hupenda sana mwisho wa utumbo mwembamba. Hurukaruka, sehemu moja ni nzima na inayofuata ni gonjwa. Isitoshe, hupenya ukuta wote wa utumbo. Kwa hivyo utumbo waweza kuwa mwembamba kama mfereji ulioziba, au ukatoboka njia za usaha kuelekea kwenye ngozi au kiungo kingine. Jina hilo latokana na Burrill Crohn ambaye, pamoja na Leon Ginzburg na Gordon Oppenheimer, aliandika juu yake huko New York mwaka wa 1932.

Unasababishwa na nini?

Hakuna chanzo kimoja. Mtu huzaliwa na mwelekeo fulani katika damu ya ukoo, kisha mambo ya mazingira na bakteria waishio tumboni huwachokoza wale askari. Si uchawi. Si laana. Si pilipili. Hauambukizi hata kidogo. Waweza kula sahani moja na mgonjwa na kutumia choo kimoja naye. Mawazo mengi, kama yale ya wakati wa mitihani, yaweza kuzidisha dalili lakini hayauleti ugonjwa. Sigara huuchochea zaidi ugonjwa wa Crohn.

Zamani ulihesabiwa kuwa ugonjwa wa Ulaya na Marekani ya Kaskazini. Siku hizi unaonekana Afrika pia, na mara nyingi huanza kati ya miaka 15 na 35. Ndugu msomaji, hiyo ni miaka yetu sisi!

Dalili zake

Ukiona haya kwako au kwa mwenzako, usiyapuuze:

(a) Kuendesha kwa zaidi ya wiki nne, au kuendesha kunakoisha na kurudi.
(b) Damu au makamasi kwenye choo.
(c) Kuamka usiku kwa haraka ya choo, au kuhisi haja hata baada ya kutoka huko.
(d) Tumbo kukata, hasa upande wa chini.
(e) Kukonda, kuchoka, kupungukiwa na damu, au mtoto kutokua kama wenzake.
(f) Viungo kuuma, macho kuwa mekundu na vidonda vya mdomo. Ndiyo, ugonjwa wa tumbo waweza kuonekana machoni!

Mtu anayetoa damu mara sita au zaidi kwa siku, tena ana homa na moyo unaenda mbio, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Kadhalika yule ambaye tumbo limefura na kuwa gumu.

Kwa nini hukosewa?

Tusiwalaumu madaktari wetu bure. Hapa kwetu mtu anayeendesha damu ana uwezekano mkubwa wa kuwa na amiba au bakteria, na ni haki kuanzia hapo. Kosa ni kurudia dawa ile ile mara tatu, mara nne, bila kuuliza kwa nini haifanyi kazi. Kuhusu taifodi, kile kipimo cha damu kinachofanywa kwenye kliniki nyingi huweza kumwonyesha mtu kuwa anayo ilhali hana.

Kisha kuna kifua kikuu. Watu hudhani ni cha mapafu tu. La hasha! Chaweza kushika utumbo, na hupenda pale pale mwisho wa utumbo mwembamba ambapo ugonjwa wa Crohn hupenda. Hayo mawili hufanana kama shilingi kwa ya pili, lakini tiba zao ni tofauti kama usiku na mchana. Dawa nyingi za uvimbe wa matumbo huwatuliza askari wa mwili. Ukimpa dawa hizo mtu mwenye kifua kikuu, umewafungia askari ndani na kumwachia mwizi mlango wazi. Hata mwenye amiba akipewa steroidi utumbo wake waweza kutoboka. Ndiyo maana hakuna ruhusa ya kujinunulia dawa hizi kwa kemisti.

Uchunguzi

Kwanza choo hupimwa ili kutafuta amiba na bakteria. Damu hupimwa kuona kama imepungua. Kisha hufanywa kolonoskopi. Mgonjwa hunywa dawa ya kusafisha tumbo, halafu mpira mwembamba wenye kamera hupitishwa kwa njia ya haja kubwa ili daktari aone utumbo kwa macho. Anachukua vipande vidogo sana vya nyama ambavyo hutazamwa kwa hadubini. Dada aliniambia kuwa alipewa dawa ya usingizi na hakuhisi kitu. Lililomshinda ni ile dawa ya kusafisha tumbo. "Afadhali mtihani wa hisabati," alisema.

Tiba

Dawa ya kuung'oa kabisa ugonjwa huu haijapatikana, lakini ya kuutuliza ipo. Tiba ina hatua mbili: kuuzima moto, kisha kuhakikisha hauwaki tena.

Kuuzima moto mara nyingi hutumika steroidi, kwa mfano prednisoloni. Mwaka wa 1955 madaktari wa Oxford, Truelove na Witts, walionyesha kuwa dawa za jamii hii zaweza kuwaokoa wagonjwa wa kolaitisi. Ni dawa kali. Hunenepesha uso, hupandisha sukari na shinikizo la damu, na kwa muda mrefu hudhoofisha mifupa. Hivyo hazitumiwi daima. Pia huwezi kuziacha ghafla. Daktari huzipunguza polepole.

Kuuzuia moto usirudi kuna salfasalazini, iliyobuniwa kwa kazi ya daktari Nanna Svartz wa Uswidi. Yeye alikuwa akitafuta dawa ya ugonjwa wa viungo, kumbe ikawafaa na wa tumbo! Hufanya mkojo kuwa na rangi ya chungwa, kwa hivyo usishtuke. Ndugu yake ni mesalazini. Hizi mbili huwasaidia hasa wenye kolaitisi. Ugonjwa ukiwa mkaidi kuna azathiopurini, na kuna dawa mpya za sindano kama infliksimabu iliyoidhinishwa Marekani mwaka wa 1998. Hizi za sindano ni ghali mno, na kabla ya kupewa lazima upimwe kifua kikuu.

Dawa zikishindwa kuna upasuaji. Mwenye kolaitisi akiondolewa utumbo mpana wote, ugonjwa wa utumbo humwisha, ingawa huenda akavaa mfuko tumboni wa kupokea choo. Kwa ugonjwa wa Crohn upasuaji husaidia lakini ugonjwa waweza kurudi mahali pengine. Fauka ya hayo, kolaitisi ya miaka mingi huongeza hatari ya saratani ya utumbo, kwa hivyo baada ya miaka kama minane mgonjwa huanza kuchunguzwa kwa kamera kila baada ya muda.

Je, chakula? Hakuna chakula kinachoponya. Wakati tumbo limeamka, dada huacha githeri na kula wali, viazi vya kuponda, ndizi na uji. Likitulia hula kama sisi, tena hunishinda kwa chapati. Yeye pia hajinunulii dawa za maumivu kama ibuprofeni, kwa sababu zaweza kuliamsha tumbo.

Kosa la pili

Dada alifanya mtihani wake wa mwisho wa mwaka 2022 akiwa na nguvu. Mwaka wa 2023 akajiona amepona, akaacha dawa bila kumwambia mtu. Miezi mitatu baadaye damu ilirudi. Safari hii alikuja jikoni akamwambia mama waziwazi, nami nikiwepo, "Mama, naona damu tena." Mama aliweka mwiko chini, wakaondoka na matatu ya kwanza asubuhi iliyofuata. Hakukonda wala hakulazwa. Tofauti ya mara ya kwanza na ya pili ni sentensi hiyo moja. Leo yuko chuo cha ualimu na vidonge vyake viko mkobani.

Ombi langu

Kwa walimu wetu wapendwa: mwanafunzi anayeomba ruhusa ya kwenda msalani mara kwa mara si lazima awe mtoro wa hisabati. Mwiteni kando mumwulize polepole. Kwa wanafunzi wenzangu: tuache kumcheka anayekimbia chooni. Na wewe unayejificha, ujue kuwa tafsida ni nzuri mezani na mbele ya wageni, lakini mbele ya daktari iweke kando. Sema damu. Sema ni mara ngapi na tangu lini. Mficha maradhi kifo humuumbua, na dadangu aliponea chupuchupu.

Zoezi

1. Taja tofauti tatu kati ya kolaitisi ya vidonda na ugonjwa wa Crohn.
2. Kwa nini ni hatari kumpa steroidi mtu ambaye hajapimwa kifua kikuu au amiba?
3. Eleza hatua mbili za tiba ya ugonjwa huu.
4. Taja tafsida tatu zilizotumika katika makala haya. Ni wapi zinafaa, na ni wapi hazifai?
5. Andika mazungumzo kati ya daktari na mwanafunzi anayeona haya kueleza ugonjwa wake.

Mwandishi ni mwanafunzi wa kidato cha tatu na mwanachama wa Chama cha Kiswahili.