SOMO LA SABA: Kuchagua Mahali pa Kulala kabla ya Safari ya Ndege

Lengo la somo: Baada ya kusoma somo hili, mlaji ataweza kutambua usiku anaohitaji chumba, kupima umbali kati ya nyumba ya kulala wageni na kiwanja cha ndege, kukokotoa gharama nzima ya usiku huo, na kudai haki yake pale anapouziwa huduma isiyolingana na maelezo aliyopewa.

Utangulizi

Wakazi wa Babati, Karatu, Mbulu, Longido na Monduli wanaosafiri kwa ndege kwenda nje ya nchi hulazimika kulala njiani usiku mmoja kabla ya kuondoka. Miongoni mwao wamo wanafunzi waliopata ufadhili, wagonjwa wanaokwenda kutibiwa, mahujaji, na wafanyabiashara wanaofuata bidhaa ng'ambo. Tiketi ya mmoja wao huenda imegharimu akiba ya miaka kadhaa au michango ya ukoo mzima. Chumba cha usiku mmoja ni sehemu ndogo sana ya gharama hiyo, lakini kikichaguliwa vibaya chaweza kuipoteza tiketi yote. Kwa sababu hiyo uchaguzi wa chumba ustahili kupewa uzito ule ule unaopewa ununuzi wa tiketi.

1. Anza na tiketi

Kabla ya kuuliza bei ya chumba chochote, soma tiketi na ujibu maswali mawili: naondokea kiwanja gani, na saa ngapi?

Ukanda huu una viwanja viwili vya ndege vya abiria, navyo huchanganywa mara kwa mara. Kiwanja cha Arusha kipo upande wa Kisongo, magharibi mwa jiji, kando ya barabara iendayo Makuyuni na Dodoma. Kwenye tiketi hutambulishwa kwa herufi ARK. Hutumiwa na ndege za ndani, zikiwamo ndege ndogo ziendazo Serengeti na Zanzibar. Kiwanja cha Kimataifa cha Kilimanjaro, yaani KIA, hutambulishwa kwa herufi JRO. Hiki kipo mashariki, katika Wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, takriban kilomita 50 kutoka katikati ya Jiji la Arusha. Msafiri wa JRO aliyelala Kisongo atalazimika kulivuka au kulizunguka jiji zima ndipo aanze safari ya kwenda kiwanjani.

Swali la pili ni la saa, na hapa ndipo penye hatari kubwa zaidi. Tiketi huandikwa kwa mtindo wa saa 24, unaoanza kuhesabu usiku wa manane, ilhali sisi huhesabu saa tangu kuchomoza na kuzama kwa jua. Tofauti ni saa sita. Tiketi inayosema 14:30 ina maana ya saa 8:30 mchana, na inayosema 00:30 ina maana ya saa 6:30 usiku.

Tuchukue mfano wa tiketi iliyoandikwa Alhamisi, 04:50. Hiyo ni saa 10:50 alfajiri ya Alhamisi, yaani usiku wa kuamkia Alhamisi. Chumba kinachohitajika ni cha Jumatano. Msafiri atakayeona neno "Alhamisi" na kuweka nafasi ya chumba kwa siku hiyo atawasili Alhamisi jioni, apokewe vizuri, aoneshwe chumba safi, na ndege yake itakuwa imekwisha kuondoka tangu alfajiri. Wakati wa kuweka nafasi, tumia maneno yasiyoacha shaka: "Nitaingia Jumatano jioni na kuondoka usiku huo huo, kuamkia Alhamisi." Kisha taja tarehe zote mbili.

2. Hesabu kurudi nyuma

Ukishajua saa ya ndege, hesabu kurudi nyuma hadi saa ya kutoka chumbani. Kwa safari za kimataifa, abiria hushauriwa kufika kiwanjani saa tatu kabla ya ndege kuondoka. Mashirika mengi hufunga kaunta ya kupokea abiria na mizigo dakika 60 kabla ya kuondoka. Baada ya hapo, hata abiria aliyesimama mlangoni na tiketi mkononi aweza kukataliwa.

Kwa tiketi yetu ya saa 10:50 alfajiri, msafiri anapaswa kuwa KIA saa 7:50 usiku. Akilala katikati ya Arusha, atenge saa moja na nusu ya njiani, hivyo aondoke saa 6:20 usiku. Akilala karibu na njia panda ya KIA, nusu saa yamtosha, naye ataondoka saa 7:20.

Msafiri asikadirie muda kwa kasi ya gari dogo katika barabara tupu. Barabara ya Arusha–Moshi hupita katika makazi mengi, na mwendo unaoruhusiwa humo ni kilomita 50 kwa saa. Malori huitumia usiku na mchana. Kwa ndege ya mchana au jioni, zingatia pia msongamano wa asubuhi na jioni mjini, pamoja na soko la Tengeru, hasa siku ya Jumamosi.

3. "Karibu na kiwanja" maana yake nini?

Maneno "karibu na KIA" katika tangazo hayana kipimo. Yaweza kutumika kwa nyumba iliyo njia panda, na pia kwa nyumba iliyo Usa River, ambako bado kuna safari ndefu. Kwa uchaguzi wa msafiri, eneo hili laweza kugawanywa katika sehemu nne.

Arusha mjini. Hapa ndipo penye vyumba vingi na bei za kila kiwango, hasa mitaa ya Kaloleni na Levolosi iliyo jirani na stendi ya mabasi. Panamfaa anayefika jioni kwa basi, mwenye shughuli ya benki au hospitali kabla ya kuondoka, au mwenye ndege ya mchana. Kelele za usiku katika baadhi ya mitaa ni jambo la kuulizia mapema.

Tengeru na Usa River. Hapa umeshavuka msongamano wa jiji, na zipo gesti za kawaida pamoja na loji za gharama kubwa. Panamfaa pia anayekwenda kupanda Mlima Meru, kwa kuwa njia ya kuingia Hifadhi ya Taifa ya Arusha na kufika lango la Momella, ambako safari ya mlima huanzia, huchepuka Usa River. Katika miezi ya Juni na Julai baridi ya miteremko ya Meru ni kali. Uliza kuhusu maji ya moto na mablanketi.

Njia panda ya KIA na kandokando yake. Ndipo mahali pa karibu zaidi, lakini vyumba ni vichache. Kumbuka kwamba kiwanja chenyewe kipo kilomita kadhaa kutoka barabara kuu, na mabasi ya Arusha–Moshi kwa kawaida hupita bila kuingia ndani. Kuwa njia panda usiku na masanduku mawili si sawa na kuwa kiwanjani.

Boma Ng'ombe. Mji huu wa Wilaya ya Hai upo upande wa Moshi, na wasafiri wa Arusha huusahau. Upo karibu na KIA kuliko Jiji la Arusha, nao wafaa kuulizwa pale ambapo vyumba vya upande wa Arusha vimejaa.

Usiulize tu kama nyumba ipo karibu. Uliza: "Ni kilomita ngapi hadi lango la kiwanja? Ipo barabara kuu au ndani? Njia ya kuingilia hupitika mvua ikinyesha?"

4. Linganisha gharama nzima

Bei ya chumba peke yake haitoshi kulinganisha. Hebu tuone hesabu ifuatayo, ambayo tarakimu zake ni za mfano tu:

Chumba mjini: shilingi 30,000. Gari la kukodi usiku hadi KIA: shilingi 80,000. Jumla: shilingi 110,000.

Chumba karibu na KIA: shilingi 70,000. Gari la hoteli hadi kiwanjani: shilingi 15,000. Jumla: shilingi 85,000.

Chumba kilichoonekana ghali kimekuwa nafuu kwa shilingi 25,000, na kimempa msafiri saa moja zaidi ya usingizi. Hata hivyo, hesabu hubadilika kwa mwenye ndugu mjini atakayempeleka kwa gari lake, au kwa wasafiri watatu wanaogawana nauli. Andika hesabu yako mwenyewe kwenye karatasi ukitumia bei ulizopewa.

Katika hesabu hiyo wahesabu wasindikizaji. Ni desturi njema kumsindikiza msafiri, lakini wasindikizaji hubaki nje ya jengo la abiria, na dereva aliyekesha atarudi barabarani akiwa na usingizi. Wakiwa wengi, ni busara kuagana jioni, au kuwalipia chumba warejee kulala hadi kupambazuke.

Uliza pia kama bei imejumuisha kodi na kifungua kinywa. Anayeondoka saa saba usiku hatakula kifungua kinywa cha saa moja asubuhi. Aombe kufungiwa chakula au kupunguziwa bei. Vilevile, Kanuni za Matumizi ya Fedha za Kigeni za mwaka 2025 zinakataza kutangaza bei na kulipisha huduma za ndani kwa fedha za kigeni. Ukitajiwa dola, omba bei ya shilingi.

Vyumba hupanda bei na kujaa katika msimu wa watalii wa Juni hadi Oktoba, mwishoni mwa mwaka, wakati wa mikutano mikubwa ya Kituo cha Kimataifa cha Mikutano cha Arusha (AICC), na wakati wa mbio za Kilimanjaro Marathon mjini Moshi. Katika vipindi hivyo weka nafasi mapema zaidi.

5. Usafiri wa usiku upatikane kabla ya usingizi

Ahadi ya "gari lipo" haitoshi. Kabla ya kulipa, pata majibu ya maswali haya: Gari ni la hoteli au huitwa kutoka nje? Huondoka saa ngapi? Bei ni kwa gari au kwa mtu? Dereva ni nani na namba yake ni ipi? Lisipowaka, lipo jingine? Baada ya kufika, mpigie dereva jioni ile ile mthibitishe saa kwa mtindo mmoja. Ukimwambia "saa moja" naye akaelewa saa moja asubuhi, nyote wawili mtakuwa mmesema kweli, nawe utakuwa umeachwa.

6. Kuweka nafasi na kulipa

Picha za kwenye simu ni rahisi kuibwa. Matapeli huchukua picha za hoteli halisi, huweka namba zao, na kudai malipo ya awali kwa haraka. Jilinde kwa hatua hizi:

(a) Tafuta namba ya nyumba hiyo katika sehemu zaidi ya moja, kisha piga simu uzungumze na mapokezi.
(b) Lipa kwa namba ya malipo ya biashara. Kabla ya kuweka namba ya siri, soma jina la mpokeaji. Likiwa la mtu binafsi usiyemjua, simama.
(c) Omba ujumbe wa maandishi unaotaja tarehe, aina ya chumba, bei, huduma zilizojumuishwa, na masharti ya kurejeshewa fedha endapo utaahirisha.
(d) Dai risiti ya kielektroniki. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Ukifika, kagua chumba kabla ya kulipa salio. Jaribu kufuli, maji, taa na soketi ya kuchajia simu. Angalia chandarua kama kina matundu. Muulize mlinzi kama lango hufungwa usiku na nani hulifungua. Nyumba nzuri yenye lango lililofungwa na mlinzi aliyelala haimsaidii mwenye ndege ya alfajiri.

7. Haki yako na mahali pa kulalamika

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kauli za uongo au za kupotosha kuhusu bidhaa na huduma. Nyumba iliyotangaza usafiri wa bure kisha ikautoza, au iliyokuuzia chumba chenye choo na bafu ndani kisha ikakupa kisicho navyo, imekwenda kinyume cha maelezo yake, nawe una haki ya kulalamika.

Anza kwa meneja, ukiwa na ujumbe na risiti. Asiposikiliza, peleka malalamiko kwa ofisa biashara wa halmashauri husika: Jiji la Arusha kwa nyumba za mjini, Halmashauri ya Meru kwa Usa River, na Halmashauri ya Hai kwa Boma Ng'ombe. Suala la upotoshaji waweza kulifikisha Tume ya Ushindani. Utapeli wa fedha uripotiwe polisi na kwa kampuni ya simu mara moja. Malalamiko dhidi ya shirika la ndege hupelekwa Mamlaka ya Usafiri wa Anga (TCAA), na dhidi ya basi hupelekwa LATRA.

Fanya hayo baada ya kusafiri ikibidi. Usiku wa safari, jambo la kwanza ni kufika kiwanjani. Ushahidi uliouhifadhi utasubiri.

Zoezi

1. Tiketi yasema JRO, Jumapili, 02:15. Je, chumba ni cha siku gani, na msafiri awe kiwanjani saa ngapi?
2. Tangazo lasema "dakika kumi tu kutoka KIA". Andika maswali matatu ya kuuliza.

Majibu: (1) Chumba ni cha Jumamosi. Ndege huondoka saa 8:15 usiku wa kuamkia Jumapili, hivyo msafiri awe kiwanjani saa 5:15 usiku wa Jumamosi. Kwa kuwa akilala Arusha mjini atalazimika kutoka saa 3:45 usiku, afikirie kama kweli anahitaji kulipia usiku mzima, au apumzike kwa ndugu kisha aende kiwanjani moja kwa moja. (2) Rejea sehemu ya tatu na ya tano.